Kuku Mmoja, Mapishi Mbalimbali



Juma hili twataka kuongea nanyi habari ya kuku. Labda mmoja wenu atacheka na kusema: «Nani asiyejua kupika kuku?» Naam, kila mtu ajua kumtia kuku katika sufuria. Lakini si kila mtu ajua kwa nini kuku wa nyumba hii hunukia hata jirani anameza mate, na kuku wa nyumba ile, wa umri uleule na wa bei ileile, hana harufu wala ladha.

Tena jambo hili si dogo. Katika jamaa nyingi za kwetu kuku haliwi kila siku. Huchinjwa siku ya ubatizo, siku ya Noeli au ya Pasaka, au siku mgeni wa heshima anapobisha hodi. Kuku huyo ni akiba ya nyumba. Angeweza kutaga mayai. Angeweza kuuzwa ili mtoto apate madaftari. Akiharibika jikoni, hasara ni ya watu wote wa nyumba. Basi yafaa tujue tunalolifanya tunapowasha moto.

Siku ya ubatizo

Tulialikwa katika nyumba moja kwa karamu ya ubatizo. Mama wa mtoto, naye ni kijana bado, alikuwa na kuku wawili. Wa kwanza alikuwa jogoo mzee wa kijijini, aliyeletwa na mama mkwe wake kutoka safari ya siku nzima, miguu imefungwa kwa kamba. Wa pili alikuwa kuku wa kisasa, mchanga na mnene, aliyenunuliwa sokoni.

Mama yule alitaka kuwafurahisha wageni wake. Alikumbuka kuku wa kuchoma aliyemla mjini, basi akamkatakata jogoo, akampaka chumvi na pilipili, akamweka juu ya lile jiko la makaa tuliitalo mbabula. Yule kuku mchanga akamtia katika sufuria yenye maji mengi, akaongeza vibonge vitatu vya supu vya dukani, akafunika, akamwacha achemke kwa nguvu muda wa saa mbili, huku yeye akiwapokea wageni.

Jogoo alinukia vizuri ajabu. Watoto walizunguka mbabula kama nyuki. Lakini tulipouma, nyama ilikuwa kama kamba ya mkonge. Baba mkwe, mzee mwenye adabu, alitafuna, akatafuna tena, kisha akaweka kipande chake kando ya sahani pole pole, ili asionekane. Kuku mchanga naye alikuwa amevunjikavunjika kama pamba iliyolowana, na mchuzi ulikuwa na ladha ya vibonge, si ya kuku.

Yule mama aliingia jikoni akalia. Mama mkwe wake alimfuata. Hakumkaripia. Alisema hivi tu: «Mwanangu, kuku hawana kosa, na moto hauna kosa. Umempa mzee kazi ya kijana, na kijana umempa kazi ya mzee.»

Maneno ya mama yule hatukuyasahau. Hakusoma elimu ya kemia, lakini alisema neno ambalo wataalamu wa chakula wamelithibitisha kwa vipimo vyao. Tuwaeleze.

Harufu ya kuku yatoka wapi?

Wengi hudhani kwamba harufu nzuri imo ndani ya kuku tangu mwanzo, kama mafuta yalivyomo ndani ya tunda la mchikichi, yakingoja kukamuliwa tu. Sivyo. Nuseni nyama mbichi ya kuku: ina harufu hafifu ya damu, wala haitamanishi mtu. Harufu tuipendayo haijakuwako bado. Yafanywa na joto. Ndani ya nyama mna protini, mafuta, sukari kidogo sana, na vitu vingine vidogo vidogo. Joto huvivunja vitu hivyo, kisha huviunganisha kwa namna mpya, na katika kuungana huko huzaliwa mamia ya harufu. Basi mpishi si mtu wa kupasha nyama moto tu. Yeye ndiye mtengenezaji wa harufu, na chombo cha kazi yake ni joto.

Tena yatupasa kutofautisha kazi ya ulimi na kazi ya pua. Ulimi hutambua mambo machache tu: utamu, chumvi, uchachu, uchungu, na ladha ya tano, ile ladha nono ya mchuzi wa nyama. Hiyo ya tano ilielezwa mwaka 1908 na mtaalamu wa Japani, Kikunae Ikeda, aliyeipata katika mchuzi wa majani ya baharini. Mengine yote tunayoyaita «ladha ya kuku» ni kazi ya pua, maana harufu hupanda kutoka kinywani hata puani tunapotafuna. Wanafunzi, jaribuni wenyewe: zibeni pua na kutafuna kipande cha kuku wa kuchoma. Mtasikia chumvi na unono, lakini hamtajua kama ni kuku au nyama nyingine. Fungueni pua, na mara kuku amerudi!

Kwa hiyo mpishi ana watu wawili wa kuwaridhisha, ulimi na pua. Na tazameni: maji huusaidia zaidi ulimi, moto mkavu huisaidia zaidi pua.

Kazi ya maji

Maji yana mpaka wake. Hata ukiongeza kuni hata jiko liwe jekundu, maji katika sufuria ya kawaida hayapiti digrii 100. Tena kwetu milimani hayafiki hata hapo. Katika mji wa Bukavu, ulio kwenye kimo cha karibu mita 1,500, maji huchemka kwenye digrii 95 hivi. Lubumbashi, karibu digrii 96. Kinshasa, iliyo chini zaidi, karibu digrii 99. Ndiyo sababu kuku mzee huchukua muda mrefu zaidi Bukavu kuliko Kinshasa. Ewe mama uliyehamia milimani, usijilaumu. Ni mlima wenyewe.

Je, maji hufanya nini? Kwanza, huvuta vile vitu vya ladha kutoka katika nyama na mifupa na kuvileta katika mchuzi. Mwaka 1913 mtaalamu mwingine wa Japani, Shintaro Kodama, alionyesha kwamba samaki mkavu ana kitu kiitwacho inosinati kiletacho ladha ile nono. Nyama ya kuku nayo inacho kwa wingi. Na kitu hicho kikikutana na kile cha Ikeda, ambacho kimo pia katika nyanya zilizoiva, nguvu zao huongezeka kuliko jumla ya vyote viwili. Kumbe mama atiaye nyanya katika mchuzi wa kuku hafuati desturi bure.

Pili, maji hulainisha mishipa na ngozi zile ngumu zinazofunga nyama. Kuku aliyetembea miaka miwili au mitatu akichakura ardhi ana mishipa yenye nguvu. Mishipa hiyo haishindwi na moto wa ghafula. Inashindwa na maji moto na muda mrefu. Pole pole huyeyuka na kuwa kitu laini kama gundi, ambacho hufanya mchuzi uwe mzito mdomoni, na ukipoa hugandamana. Hapo ndipo jogoo mzee anapompita kuku mchanga, maana nyama ya kuku aliyekomaa ina ladha zaidi. Asiyempa muda hupata ugumu wake. Ampaye muda hupata utajiri wake.

Lakini sikieni onyo. Kuchemsha si kuchafua maji kwa nguvu. Maji yakitokota kama mto wenye maporomoko, nyama hujikunja na kukamuka majimaji yake, ikawa kavu ingawa imo ndani ya maji. Tena harufu hutoroka pamoja na mvuke. Tunafurahi nyumba inapojaa harufu ya kuku; kumbe harufu iliyojaza nyumba ndiyo iliyokwisha kutoka katika mchuzi! Kwa hiyo, sufuria ikianza kuchemka, punguzeni kuni, funikeni vema, na mwache maji yacheke tu, povu moja hapa, moja pale.

Kazi ya moto mkavu

Sasa tutazame makaa na kikaango. Hapa hakuna mpaka wa digrii 100. Mafuta ya kukaangia hufika digrii 170 au 180, na joto la makaa hupita hapo. Na nyama ikisha kukauka juu, joto lake likapita digrii 140 hivi, jambo jipya hutokea kwa haraka: nyama hubadilika rangi, ikawa ya dhahabu, kisha ya kahawia, na harufu ya kuchoma huzaliwa.

Aliyelichunguza jambo hilo kwanza kwa makini ni Mfaransa Louis-Camille Maillard, mganga na mtaalamu wa kemia. Mwaka 1912 alieleza yanayotokea sukari na vipande vya protini vinapopashwa moto pamoja. Ni jambo lilelile liipalo ganda la mkate rangi yake, na kahawa iliyokaangwa harufu yake, na karanga za kukaanga utamu wake. Katika maji kazi hiyo huenda polepole mno, hata haionekani. Ndiyo maana kuku wa kuchemsha hubaki mweupe, na harufu yake ni ya upole, ya mchuzi. Bali kuku wa kuchoma ana harufu ya kuita watu njiani.

Watu wengi husema kwamba kuchoma nyama kwanza hufunga majimaji yake ndani. Neno hilo lilienezwa na mtaalamu mkubwa wa Ujerumani, Justus von Liebig, katika karne ya 19. Lakini majaribio yaliyofanywa baadaye, katika miaka ya 1930, yalionyesha kwamba si kweli: nyama iliyochomwa juu hupoteza majimaji kama nyingine. Na hata sisi twaweza kuyasikia yakilia «chaa» katika kikaango. Hatuchomi ili kufunga maji. Twachoma ili kuzaa harufu.

Basi adui wa harufu hiyo ni nani? Ni maji juu ya ngozi. Kuku aliyelowana hawezi kupata rangi mpaka maji yale yaishe, na wakati huo nyama ya ndani imekwisha kukauka. Wanaonunua kuku wa barafu wajihadhari zaidi. Mwacheni ayeyuke kabisa mahali pa baridi, mwage maji yake, mpanguseni kwa kitambaa safi. Tena msijaze vipande kumi kwa mara moja katika kikaango kidogo: vitatoa maji, mafuta yatapoa, na badala ya kukaanga mtakuwa mnachemsha bila kujua. Vipande vitatu au vinne kwa zamu vitawapa faida kubwa kuliko kumi kwa pamoja.

Moshi nao huleta harufu yake. Kuni zinapoungua hutoa vitu vinavyoshika nyama na kuipa ile harufu ya kijijini tunayoikumbuka tangu utoto. Lakini msiweke nyama juu ya ndimi za moto. Mafuta yakidondoka na kuwaka, hutoa moshi mweusi wenye vitu vibaya kwa afya, na nyama huwa chungu. Ngojeni makaa yafunikwe na majivu meupe. Rangi ya kahawia ni ladha. Rangi nyeusi ni hasara.

Mafuta ndiyo jina la kuku

Tumesema kwamba kuku wa kuchoma hunukia nyama. Lakini ni nini kinachofanya anukie kuku, si mbuzi wala ng'ombe? Katika miaka ya 1960 wataalamu wa Marekani walifanya jaribio la kupendeza. Walichukua harufu za kuku aliyepikwa, wakaondoa zile zenye salfa: harufu ya nyama ikatoweka karibu yote. Kisha wakafanya tena, wakaondoa kundi lingine, ambalo sehemu kubwa yake yatokana na mafuta yaliyovunjwa na joto: harufu ya nyama ikabaki, lakini kuku akapotea, ilinukia kama nyama ya ng'ombe!

Kwa hiyo mafuta ya kuku ndiyo yanayobeba jina lake. Mpishi anayevua ngozi yote na kutupa mafuta yote ya tumboni hutupa jina la kuku wake jalalani. Twawashauri: chukueni mafuta hayo kidogo, yayeyusheni taratibu katika kikaango, kaangieni vitunguu ndani yake. Harufu ya kuku itaanza kabla ya kuku mwenyewe kuingia.

Vivyo hivyo mafuta ya mawese yana heshima yake. Harufu yake na wekundu wake huungana na kuku kwa namna isiyopatikana kwa mafuta mengine. Lakini wako watu wanaoyachoma mawese hata yawe meupe. Wafanyapo hivyo wanaharibu harufu yake, na zaidi ya hayo wanaharibu kile kitu chekundu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, ilindayo macho ya watoto. Mawese yatiwe joto, yasiunguzwe.

Twataja pia kuku aliyefungwa katika majani ya mgomba na kuwekwa karibu na makaa. Hapo mvuke hauna njia ya kutoroka. Majimaji, vitunguu na pilipili hurudia nyama, na majani hutoa harufu yao ya kijani. Kuku huyo hapati rangi ya kahawia, lakini hapotezi chochote. Ni pishi zuri kwa kuku mchanga aliyekatwa vipande vidogo.

Utaratibu wa kila umri

Sasa twafika kwenye neno la yule mama mkwe: mzee apewe kazi ya mzee, na kijana kazi ya kijana. Maji na moto vyote ni vyema. Swali ni hili: kipi kitangulia?

Kwa kuku mzee, maji yatangulie. Mwekeni katika maji baridi yanayomfunika tu, pamoja na kitunguu na chumvi kidogo. Acheni maji yacheke muda wa saa mbili au tatu, mpaka uma uingie katika paja bila kushindana. Mtoeni, mwacheni akauke. Hapo mkaangeni au mchomeni kwa muda mfupi, apate rangi na harufu. Mchuzi wake msiumwage! Kaangeni vitunguu na nyanya katika mafuta, mimineni mchuzi huo, na mrudishe vipande. Hivyo ulimi umepata haki yake kwa maji, na pua kwa moto.

Kwa kuku mchanga, moto utangulie. Mtieni chumvi saa moja kabla, au tangu jana yake, maana chumvi iliyoingia ndani huisaidia nyama kuzuia maji yake. Mpanguseni, mkaangeni katika mafuta moto hata apate rangi ya dhahabu. Kisha wekeni vitunguu na nyanya, na maji kidogo tu, kikombe kimoja au viwili, mkikwangua ile kahawia iliyoshika chini ya sufuria. Msiiite uchafu, ndiyo hazina ya harufu. Funikeni kwa moto mdogo, karibu nusu saa. Kifua hukauka upesi kuliko paja. Basi kifua kiingie nyuma, au kitoke mbele.

Na mwambe, pishi hilo linalojulikana katika Kongo nzima? Mwambe ni somo zima katika sufuria moja. Matunda ya mchikichi huchemshwa, hutwangwa, huchujwa, na maji yake mazito huchemshwa taratibu. Wapishi hodari hukaanga kuku kwanza, ndipo wamtie katika mchuzi huo, amalize kuiva humo. Moto umeleta harufu, mchuzi umeleta unono, mafuta yamezifunga pamoja. Mwenye jogoo mzee atamchemsha kwanza, kisha atafuata njia hiyohiyo.

Vibonge vya supu hatuvikatazi. Lakini jueni vilivyo: sehemu kubwa ni chumvi, pamoja na kitu kile cha ladha ya tano. Vyaweza kuudanganya ulimi, pua havitaidanganya. Kibonge hakiwezi kuzaa harufu ya kuku aliyekaangwa vema. Mwenye kuku mzuri, vitunguu, nyanya na subira, hana haja ya vibonge vitatu.

Neno moja la afya. Kuku asiyeiva huleta maradhi ya tumbo, maana nyama yake mbichi huwa na vijidudu. Joto la ndani lifike digrii 74. Asiye na kipimo atazame karibu na mfupa wa paja: majimaji yasiwe mekundu, na kiungo kilegee. Tamaa ya nyama laini isitufanye tuwape watoto nyama mbichi.

Kuku wa jana

Mama mmoja alituuliza: «Kwa nini kuku wa jana, akipashwa moto leo, hunuka kama karatasi ya zamani?» Jibu ni kwamba mafuta ya nyama iliyopikwa huharibiwa upesi na hewa, na madini ya chuma yaliyomo katika nyama huharakisha uharibifu huo. Watafiti waliieleza harufu hiyo mwaka 1958. Kuku huathirika upesi kwa sababu ya aina ya mafuta yake. Dawa yake ni rahisi: hewa isiifikie nyama. Vipande vilivyobaki vizamishwe katika mchuzi wake, vifunikwe, viwekwe mahali pa baridi mapema, na kesho yake vichemshwe kabisa kabla ya kuliwa. Nyama iliyoachwa kavu katika sahani ndiyo inukayo.

Jaribio la wanafunzi

Wanafunzi, mama akikubali, ombeni vipande viwili vya mapaja ya kuku mmoja. Kimoja kichemsheni katika maji yenye chumvi kidogo. Kingine kipanguseni, mkipake chumvi kiasi kilekile, mkikaange. Vyote viive kabisa. Funikeni macho ya ndugu yenu, nuseni na kuonja kwa zamu, na mwandike katika daftari: kipi kina harufu kali, kipi kina majimaji, kipi kinafaa kuachwa na mchuzi. Mtakuwa mmejifunza kemia kwa pua zenu, na daftari halitakuwa na kosa hata moja.

Jogoo wa pili

Labda mwauliza habari za yule mama kijana. Miezi michache baadaye mama mkwe alirudi, na tazama, alikuwa na jogoo mwingine chini ya kwapa. Safari hii yule mama hakukimbilia mbabula. Alimweka jogoo katika sufuria asubuhi, kwa moto mdogo, akaenda Misani, akimwacha mama mkwe aangalie kuni. Aliporudi, alivitoa vipande, akavikausha, akavikaanga mpaka vikawa vya dhahabu, akavirudisha katika mchuzi wenye nyanya na mawese kidogo. Kibonge hakuweka.

Sisi pia tulikuwako. Baba mkwe alikula bila kusema neno. Alipomaliza alitazama katika bakuli, akasogeza sahani yake mbele na kusema: «Mama, mchuzi umebaki?» Yule mama aliinama akicheka, akampakulia. Mama mkwe wake alitutazama sisi, wala hakusema kitu.

Wasomaji wapenzi, wahenga walisema: mchele mmoja, mapishi mbalimbali. Na kuku vilevile. Anayejua umri wa kuku wake, na kujua zamu ya maji na zamu ya moto, atawalisha wageni wake kwa furaha, hata kama jikoni hamna ila chumvi na kitunguu. Kwa herini, hata juma lijalo.